Kutafuta vipuri vya injini ya kale visivyotengenezwa tena: hatua kwa hatua

Watu wanaofufua injini za kale huniuliza mara kwa mara: "Ringi za injini hii nitazipata wapi?" Nami huwarudishia swali: hizo ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zina kipenyo gani, kimo gani, unene gani? Wengi hawajapima. Wamezunguka miezi mingi wakimtajia kila muuza spea jina la injini, na kila muuza spea ametikisa kichwa, kwa sababu jina hilo lilishatoka kwenye katalogi zake zamani.

Ringi haijui jina la injini. Inachojua ni upana wa silinda na nafasi iliyopo kwenye mfereji wa pistoni. Ringi ya vipimo hivyohivyo huenda inatengenezwa hadi leo kwa ajili ya kompresa ya hewa au pampu ya maji, ndani ya boksi lenye jina usilowahi kulisikia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mezani, kwenye kifaa chenyewe. Habari za wapi pa kununua zitakuja baadaye sana.

Kabla ya kufungua

Usitupe chochote. Bushi iliyolika, springi iliyokatika, gasketi iliyochanika vipande vitatu, hata pini iliyopinda: vyote hivyo ni ramani ya kipuri utakachokitafuta au kukichongesha. Kila kitu kiingie kwenye mfuko wake na karatasi inayosema kilikotoka. Piga picha kabla ya kulegeza bolti yoyote, kisha piga tena baada ya kuitoa. Picha ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ikiwa bado imefungwa itakuonyesha miezi sita baadaye kwamba palikuwa na shimu mbili, yaani vibati vyembamba vya kujazia nafasi, chini yake, jambo ambalo hutalikumbuka hata kidogo.

Gasketi za kale usizikwangue zikiwa kavu. Nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu bila tiba. Zilowanishe vizuri, ziinue kwa kisu butu, uzifunge kwenye mfuko zikiwa bado mbichi. Chora mzunguko wake na nafasi za matundu kwenye karatasi ngumu siku hiyohiyo.

Kama pistoni imekwama, vumilia. Nimeona pistoni nzuri, yenye ringi zinazofaa, ikivunjwa kwa nyundo ndani ya dakika kumi, kisha mwenyewe akatafuta nyingine miaka miwili. Mimina mafuta ya kupenyeza juu yake, acha siku kadhaa, hata wiki, kisha sukuma kwa kipande cha mti mgumu, ukienda na kurudi kidogo kidogo. Katika injini adimu, kifaa unachotaka kukivunja ili utoe kingine mara nyingi ndicho kigumu zaidi kupatikana.

Jua injini ni ipi, na namba zipi ni za nini

Kibati cha injini kikiwepo, kiandike chote: modeli, namba ya injini, mzunguko kwa dakika, nguvu ya farasi. Kisipokuwepo, tafuta namba zilizogongwa kwenye ukingo wa flaiwili (gurudumu zito la injini), kwenye ncha ya krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), au kwenye sehemu bapa pembeni mwa bloku. Zikifunikwa na rangi, toa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi na kitambaa. Ukitumia tupa au jiwe la kunolea utazifuta milele.

Hapa wengi hujikwaa. Namba iliyonyanyuka juu ya chuma, iliyotoka pamoja na kalibu, ni namba ya usubuji, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga. Inataja umbo ghafi lililotoka kwenye mchanga. Namba ya kipuri ni nyingine, na ndiyo iliyoandikwa kwenye katalogi. Umbo moja ghafi liliweza kukerezwa kwa namna mbili tatu na kuwa vipuri viwili vitatu tofauti: silinda hedi moja ikatobolewa plagi ya milimita 18, nyingine ya milimita 14, na zote zina namba moja ya usubuji. Kwa hiyo ukiagiza kwa namba iliyonyanyuka, mwambie muuzaji wazi kwamba ni namba ya usubuji, kisha mpe na vipimo.

Mwaka wa injini una kazi pia. Viwanda vilibadilisha vipuri katikati ya uzalishaji na kupanga mabadiliko hayo kwa namba za injini: kuanzia namba fulani pampu ya oili ni hii, kabla ya hapo ni ile. Halafu namba yenyewe ya kipuri ilirithiwa na namba mpya, na namba mpya ikarithiwa tena. Ukipata katalogi mbili za miaka tofauti, zilinganishe ukurasa kwa ukurasa. Namba ya mwisho katika ukoo huo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuwa bado iko kwenye rafu ya mtu.

Pima pia jinsi injini yako ilivyokuwa maarufu, maana hilo linaamua utakavyotumia muda wako. Ford Model T iliuzwa toka 1908 hadi 1927, magari yakapita milioni 15, na injini yake iliendelea kutengenezwa hadi 1941. Vipuri vyake vipya vinatengenezwa hadi leo. Hiyo huhitaji kuihangaikia. Lister CS, dizeli ya taratibu ya Uingereza inayozunguka mara 650 kwa dakika katika toleo lake la farasi 6, imenakiliwa na viwanda vya Rajkot nchini India kwa miongo mingi, na nakala hizo zimeacha vipuri vingi sana duniani. Vinaingia kwenye injini ya asili mara nyingi, si mara zote: pima kwanza, maana kila karakana ya nakala ilikuwa na mkono wake. Injini iliyotengenezwa mia chache tu na kiwanda kidogo ndiyo itakayokuhitaji usome kila hatua ya hapa chini.

Nani alitengeneza kifaa hiki?

Hii ndiyo hatua inayookoa injini nyingi kuliko zote. Kiwanda cha injini hakikutengeneza kila kitu. Kilisubu bloku, kikakereza krenkshafti, labda na pistoni, mengine kilinunua. Magneto ilitoka Lucas, Bosch, Wico au Fairbanks-Morse. Kabureta ilitoka Zenith, Solex au Amal. Beringi zilitoka SKF au Timken. Kila kampuni kati ya hizo iliuza kifaa kilekile kwa viwanda vingine vingi, na ilikipa namba yake yenyewe. Ukiipata namba hiyo, injini yako imeacha kuwa adimu kwa upande wa kifaa hicho.

Nilikuwa na dizeli ya silinda moja isiyo na kibati wala kitabu. Nozeli yake, yaani kinyunyizio cha mafuta, ilikuwa donge la masizi. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa mswaki mkuukuu, nikaigeuza taratibu chini ya taa huku nikiwa na kioo cha kukuzia. Kwenye bega la nozeli zikatokea herufi nyembamba kama nywele: DLL, kisha namba, kisha S. Nilikaa chini. Herufi hizo ni lugha ya Bosch, kampuni iliyoanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na CAV ya Uingereza iliungana nayo mwaka 1931, kwa hiyo nozeli za familia hiyo zimeenea kote. DN ni nozeli ya pini. DL ni ya matundu, na L ya pili inasema shingo ni ndefu. Namba inayofuata ni pembe ya kunyunyizia kwa digrii, na S ni saizi ya mwili. Injini ilikuwa imesahaulika, lakini nozeli yake ilikuwa inauzwa.

Beringi ndizo rahisi kuliko vyote. Namba imechorwa kwenye uso wa pete. Kwa beringi za milimita, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 nawe umepata tundu la ndani, kuanzia 04 kwenda juu: 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, iwe imetengenezwa mwaka 1950 au jana. Zipo pia beringi za inchi, hasa kwenye mashine za Uingereza. Ile iliyoandikwa RLS 8 au LJ 1 ina tundu la inchi 1 kamili, nje inchi 2¼, unene inchi 5/8. Usikubali mtu akuuzie ya milimita iliyo "karibu sawa". Hiyo "karibu" itazunguka ndani ya nyumba yake na kuila mpaka bloku iharibike.

Oili sili nazo zinatafutwa kwa vipimo vitatu tu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu, unene. Ambapo injini ilitumia kamba ya pamba yenye grisi au pete ya sufi iliyoshindiliwa, mara nyingi tundu linaweza kukerezwa kidogo lipokee sili ya kisasa ya mpira. Mimi hufanya hivyo bila kujuta pale tu ambapo kazi hiyo inaweza kutenguliwa baadaye, kwa mfano kwa kuchongesha pete ya kati badala ya kukata bloku yenyewe.

Pima kana kwamba kifaa kitapotea kesho

Unahitaji kalipa ya venia, maikromita moja au mbili, geji ya meno ya bolti, na daftari. Tepu ya fundi seremala iache kwenye kabati.

Kifaa kilicholika kinasema uongo, kwa hiyo pima mahali ambapo hakikulika. Silinda hulika pale ringi zinapopita. Juu kabisa, juu ya mwisho wa safari ya ringi, kuna ukanda mwembamba ambao haukuguswa. Chini kabisa kuna mwingine. Hapo ndipo kipimo cha kiwanda kilipo. Jarida la krenkshafti, yaani sehemu yake ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi, lipime kwa pande mbili zinazokatana, maana linakuwa yai kabla halijawa jembamba.

Ukishapata kipimo cha milimita chenye desimali za ajabu, kigawe kwa 25.4 kabla ya kukiamini. Shafti ya milimita 31.75 ni inchi 1¼. Silinda ya milimita 114.3 ni inchi 4½. Na ikiwa umepata 114.8 kwenye ule ukanda ambao haukulika, usishangae: mtu alishaichonga ovasaizi, yaani aliipanua ili ipokee pistoni kubwa zaidi. Inchi 4.520, yaani elfu 20 za inchi juu ya kipimo cha kiwanda, ni milimita 114.81. Ovasaizi za kawaida za inchi ni elfu 10, 20, 30 na 40; za milimita ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ukijua uko ngazi ipi, utajua uagize pistoni ipi na kama bado kuna nyama ya kuchonga au umefika kwenye kuweka laina, yaani bomba jipya la ndani ya silinda.

Kwa ringi andika vitu vitatu: kipenyo cha silinda, kimo cha ringi kwenye mfereji, na unene wake kuelekea katikati ya pistoni. Hicho cha tatu ndicho watu husahau. Mwaka fulani muuzaji mmoja alinitumia ringi zenye kipenyo na kimo sahihi kabisa. Ziliingia mferejini vizuri, lakini zilikuwa nene kiasi kwamba migongo yake iligota chini ya mfereji kabla pistoni haijaingia silinda. Zilirudi zilikotoka, na nauli nikalipa mimi kwa kuwa kweli sikuwa nimemtajia unene.

Kwa springi: unene wa waya, kipenyo cha nje, idadi ya mizunguko, urefu ikiwa huru, na kama ncha zimesagwa bapa. Msukaji wa springi akipata hayo hahitaji kujua injini.

Meno ya bolti yanataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu yanaharibu injini nyingi nzuri. Joseph Whitworth alipendekeza mfumo wake mwaka 1841, wenye meno ya pembe ya digrii 55, nao ukatawala mashine za Uingereza zaidi ya miaka mia moja. Mfumo wa pamoja wa Uingereza, Kanada na Marekani, wenye pembe ya digrii 60, ulikubaliwa mwaka 1948. Kwa saizi nyingi za meno mapana mifumo hiyo miwili ina idadi sawa ya meno kwa inchi, ndiyo maana bolti ya mmoja inaingia kwenye nati ya mwingine na kukudanganya: inashika kwa ncha za meno tu. Kwa nusu inchi idadi inatofautiana, 12 kwa Whitworth na 13 kwa mfumo wa baadaye. Bolti itaingia mizunguko michache, itakaza, nawe ukiongeza nguvu utang'oa meno ya chuma cha kusubu kilichokaa miaka themanini bila kosa. Weka geji ya meno kwenye kila bolti. Na kama spana zako za Whitworth zimekuchanganya, kumbuka kwamba namba iliyoandikwa juu yake inataja kipenyo cha bolti. Upana wa kichwa ni jambo jingine.

Kuna injini zinazovuka hata mipaka hiyo. Injini za magari ya Morris za kuanzia mwaka 1919 zilitengenezwa na tawi la kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss huko Coventry, kwa mashine za milimita. Matokeo yake ni bolti zenye meno ya milimita na vichwa vya kipimo cha Whitworth, desturi iliyodumu miaka mingi hadi kwenye injini za magari ya MG za aina ya XPAG. Spana inaingia vizuri kabisa, na bado bolti uliyonunua siyo.

Tafuta ndugu wa injini yako

Injini nyingi za shamba, boti na jenereta ni injini za gari zilizobadilishiwa nguo, na kinyume chake. Injini ya kampuni ya Standard ya Uingereza iliyofungwa kwenye trekta la Ferguson TE20 ina undugu na ile ya gari la Standard Vanguard, na Triumph TR2 ya mwaka 1953 ilitoka kwenye ukoo huohuo wa laina zinazochomoka. Perkins yenye silinda tatu, aina ya 3.152, ilisukuma matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135, nayo ikafungwa kwenye mashine nyingine kadhaa. Mwenye boti anayelia kwamba vipuri havipatikani anaweza kuwa anahitaji tu kuingia kwa muuza spea za trekta.

Undugu si mapacha. Linganisha kiharusi (urefu wa safari ya pistoni), kipenyo, mpangilio wa bolti za silinda hedi, mwelekeo wa kuzunguka. Injini ya boti huenda ina kemshafti tofauti ingawa bloku ni ileile. Lakini valvu, springi zake, tapeti, gasketi ya silinda hedi na beringi za krenkshafti mara nyingi ni za pamoja.

Sasa nenda kutafuta

Ukiwa na daftari lililojaa, anza na stoo za zamani: wauza spea waliofanya kazi miaka mingi, gereji za matrekta, mafundi waliostaafu. Watajie namba ya mtengenezaji wa kifaa na vipimo, jina la injini liwe la mwisho. Omba ruhusa ya kupekua rafu za nyuma mwenyewe, kwa sababu vifaa hivyo havimo kwenye kompyuta, na aliyeviweka huenda hayupo tena.

Kwa katalogi na vitabu vya fundi, makumbusho na nyaraka za viwanda husaidia kuliko watu wanavyodhani. Makumbusho ya Maisha ya Vijijini ya Uingereza (MERL) yaliyo chini ya Chuo Kikuu cha Reading yana kumbukumbu za watengenezaji wa zana za shamba. Nyaraka za McCormick na International Harvester ziko kwenye Jumuiya ya Kihistoria ya Wisconsin, Marekani. Makumbusho ya injini zenyewe, kama Anson huko Poynton, Uingereza, na Coolspring huko Pennsylvania, yana watu waliofungua injini ambazo wewe na mimi tutazisoma vitabuni tu. Andika barua fupi yenye swali moja linalojibika.

Kisha kuna injini mfu, ile unayonunua ili utoe vipuri. Hapa jiulize kwanza iliuawa na nini. Kifaa kilichokufa kwako kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimekufa kwenye kila injini ya aina hiyo, kwa sababu udhaifu ni uleule. Magneto, kabureta na vikombe vya oili vya shaba huondoka kwanza kwa kuwa vina thamani ya chuma chakavu. Kwa hiyo tafuta injini iliyokufa kwa sababu tofauti na yako. Ukihitaji magneto, itafute kwenye injini iliyopasuka silinda kwa maji kuganda kuwa barafu ndani yake, maana hiyo ilisimama ghafla ikiwa imekamilika. Ukihitaji bloku, itafute kwenye iliyovunja konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) ikiwa bado changa, mradi konrodi haikutoboa ukuta.

Ombi unalolituma kwa watu liwe na nyama. "Natafuta kabureta ya injini ya zamani" halijibiki. Sema: kabureta ya Zenith, namba hii kwenye kibati, nafasi kati ya bolti za kufungia milimita kadhaa katikati kwa katikati, tundu la koo kadhaa, picha mbili kando ya rula. Taja na ulizokwisha kuzijaribu zikakataa. Mtu mwenye kifaa hicho kwenye boksi la vyuma ataenda kukipima jioni hiyohiyo.

Kipuri kimefika: kipime kabla hujafurahi

Kipuri kipya kilichokaa stoo miaka hamsini kinaweza kuwa bora kuliko chochote cha leo, au kikawa takataka ndani ya boksi zuri. Chuma hudumu: ringi, valvu, gia na pini zioshe, pima, tumia. Beringi ioshe grisi iliyoganda kama nta, izungushe kwa kidole, isikilize. Ikikwaruza, mahali pake si ndani ya injini. Mpira wa zamani usiutumie hata ukionekana mzima, iwe diaframu ya pampu ya petroli au oili sili. Gasketi za kizibo zilizosinyaa mara nyingi hurudi saizi yake zikilowekwa kwenye maji ya vuguvugu. Za shaba nyekundu zipashe moto mpaka ziwe nyekundu hafifu, zipoe, nazo zitakuwa laini tena. Kondensa ya magneto iliyokaa miaka mingi, hata kama haijawahi kutumika, badilisha. Karatasi iliyo ndani yake hunyonya unyevu kimyakimya.

Boksi nalo si ushahidi. Watu walirudisha vifaa vibovu kwenye maboksi ya vipya tangu zamani.

Ringi, hata sahihi, ziingize peke yake kwenye silinda, uzisukume kwa pistoni ili zikae sawa, kisha pima pengo la ncha kwa fila geji. Kwa kadirio la kazi, ruhusu takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda ya milimita 100 itataka kama 0.3 hadi 0.4. Pengo likiwa dogo, tia tupa nyembamba kwenye ncha. Likiwa kubwa mno, hakuna tupa inayoongeza chuma.

Hakipo kabisa: kichongeshe

Siku itafika utakapokuwa umeuliza kila mahali. Watengenezaji wa ringi za kuagiza hutengeneza hata seti moja kwa vipimo. Valvu hupatikana kwa kuchukua ya injini nyingine yenye fimbo ya unene uleule na kichwa kikubwa zaidi, kisha kuikereza na kuikata urefu. Bushi yake ichongwe kwa chuma cha kusubu au shaba. Beringi za metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba aliouanzisha Isaac Babbitt mwaka 1839, humiminwa upya kwenye ganda lilelile na kuchongwa kulingana na krenkshafti yako. Hapo hata hukuhitaji kipuri, ulihitaji fundi. Koili ya magneto hufungwa upya na sumaku yake hurudishiwa nguvu. Bloku iliyopasuka hushonwa kwa vipande vya chuma bila moto, kazi ambayo ukiiona ikifanywa vizuri utatamani kuigusa.

Cha kusubu upya, kama kifuniko cha gia au mkono wa gavana (kidhibiti mwendo cha injini), kina mtego mmoja. Ukikitumia kifaa cha zamani kama kiolezo kwenye mchanga, kipya kitatoka kidogo kuliko cha zamani, kwa sababu chuma husinyaa kinapopoa: takriban asilimia 1 kwa chuma cha kusubu, asilimia 1.3 kwa aluminiamu. Kwa kifuniko cha milimita 300 hizo ni milimita 3, na matundu ya bolti hayatakutana tena. Kiolezo lazima kikuzwe kwanza, na sehemu zitakazokerezwa ziongezwe nyama, milimita 3 hivi. Siku hizi kifaa kilichovunjika kinaweza kupigwa skani, kukuzwa kwenye kompyuta, na kiolezo kikachapwa kwa plastiki. Msubuji anakizika mchangani kama kile cha mbao.

Viko vitu ambavyo sichongeshi kwa fundi wa kawaida hata nikiwa nimechoka kutafuta. Bolti za konrodi zinataka chuma cha daraja maalumu, nazo zikikatika konrodi hutoka ubavuni mwa injini. Flaiwili yenye ufa haichomelewi. Gurudumu zito la chuma cha kusubu likipasuka likiwa linazunguka huua watu waliosimama karibu. Hivyo viwili tafuta mpaka upate, na injini isubiri.

Kadi ya injini

Ukimaliza, andika kadi moja ya karatasi ngumu: silinda iko ovasaizi ngapi, ringi za vipimo gani na zilitokana na mashine gani, namba za beringi na oili sili, namba ya nozeli au ya kabureta, meno ya kila bolti uliyoibadilisha, na mahali ulipoweka kiolezo cha kifuniko. Taja pia ulichokigeuza kutoka kilivyokuwa kiwandani na jinsi ya kukirudisha. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge kwa waya kwenye mguu wa injini, upande usiopata joto. Vile vipuri vya zamani ulivyovitoa viweke kwenye boksi moja pamoja nayo, vikiwa vimepakwa grisi.